Meli za Antwerp na njia ya Kasongo

Edmund Dene Morel hakusomea uchumi chuoni. Alizaliwa Paris mwaka 1873, baba Mfaransa na mama Mwingereza, na mwaka 1891 akaajiriwa ukarani mjini Liverpool katika kampuni ya meli ya Elder Dempster, iliyosafirisha mizigo kati ya Antwerp na Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II. Kwa kuwa alijua Kifaransa, kazi ilimpeleka Antwerp mara kwa mara. Huko gatini aliona meli zikiingia zimesheheni mpira na pembe za ndovu, kisha zikiondoka na maafisa, bunduki na risasi. Bidhaa za kuuziwa wenyeji zilikuwa chache mno. Akapiga hesabu ya karani: mali inatoka, malipo hayaendi, basi wanaoitoa hawauzi, wananyang'anywa.

Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa fikra zake zote. Morel alikuwa mliberali wa Liverpool, mji wa wafanyabiashara, na alijifunza mengi kwa mfanyabiashara John Holt na mwandishi Mary Kingsley. Waliberali walishika kwamba mwenye mali ana haki ya kumuuzia amtakaye kwa bei waliyopatana, na serikali isijigeuze mchuuzi. Morel akaongeza jambo ambalo wenzake wengi hawakulijali: mazao ya msitu wa Kongo yana wenyewe, nao ni wenyeji. Ukishamnyima mtu haki ya kuuza kilicho chake, hutapata jasho lake ila kwa kiboko.

Mkataba wa Berlin wa Februari 1885 uliahidi biashara huru katika bonde lote la Kongo. Haikupita hata miezi mitano, amri ya Leopold ikatangaza kuwa ardhi zote "tupu" ni za dola. Mwaka 1891 maafisa wakaagizwa kwa siri kukusanya pembe na mpira kwa ajili ya dola.

Agizo hilo liligusa Maniema, mashariki mwa Kongo, moja kwa moja. Hadi wakati huo pembe za mji wake wa Kasongo zilikwenda mashariki mabegani mwa watu: Kabambare, Ziwa Tanganyika, Ujiji, Tabora, hadi pwani na Unguja. Kwa njia hiyohiyo zilikuja nguo za merikani, shanga, waya wa shaba na baruti. Kugombea pembe kulikuwa sababu mojawapo kubwa ya vita vya 1892 hadi 1894 kati ya dola na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Majeshi ya dola, chini ya kamanda Dhanis, yaliteka Kasongo Aprili 1893. Kabambare ikafuata Januari 1894. Pembe zikageuzwa njia, zikashuka na mto kuelekea magharibi, mpaka kwenye meli zilezile alizokuja kuzichunguza Morel.

Isidhaniwe kwamba njia ya mashariki ilikuwa soko la haki. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa njia hiyo, katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili, haoni haya kusimulia pembe alizozipata kwa vita na kwa kuwatoza watawala walioshindwa. Merikani ilifika kweli, lakini watumwa nao walipita njia hiyohiyo.

Morel aliacha kazi mwaka 1901, akaanzisha gazeti, na mwaka 1904 akaunda Chama cha Mageuzi ya Kongo. Kitabu chake juu ya mpira mwekundu kwa damu kilitoka 1906. Novemba 1908 Leopold alilazimika kuiachia Ubelgiji Kongo. Baadaye Morel alifungwa kwa kupinga Vita Kuu, na mwaka 1922 akamshinda Winston Churchill katika uchaguzi wa bunge huko Dundee. Alifariki 1924. Doa lake halifutiki: mwaka 1920 aliandika maneno ya kibaguzi dhidi ya askari Waafrika wa Ufaransa waliokuwa Ujerumani. Mwafrika aliyemtetea, yaelekea, alimtaka abaki kwao.

Maniema yenyewe haikuonja biashara huria. Kuanzia 1917 kilimo cha pamba kililetwa kwa lazima. Mkulima alijitwisha kapu lake hadi penye mizani, akamkuta mnunuzi mmoja, wa kampuni iliyopewa eneo zima, na bei imeshapangwa. Alilipwa fedha, naam. Ila mnunuzi wa pili hakuwepo.