Kichwa cha shangazi baada ya upasuaji wa nyonga

Usiku wa pili baada ya kupasuliwa nyonga, shangazi yangu alianza kuokota sisimizi kwenye shuka. Hapakuwa na sisimizi hata mmoja. Aliwaokota kwa vidole viwili, taratibu, akiwakusanya kwenye kiganja cha mkono wa pili, kisha akamtukana nesi aliyekuja kumzuia asing'oe dripu. Huyu ni mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, ambaye sisi watoto wa kaka zake hatukupata kumsikia akimwita mtu hata mjinga. Kulipokucha akamwita binti yake kwa jina la bibi, aliyefariki zamani.

Kila mtu alikuwa na lake. Baba mdogo alisema ni nusu kaputi, imempanda kichwani. Jirani alileta maji ya kombe. Mama wa kitanda cha pili akatuambia kwa upole, "Uzee huo, wanangu, mzoeeni." Hilo la mwisho ndilo lililoniuma, kwa sababu mtu akishaambiwa ni uzee huacha kutafuta, na mgonjwa wa namna hii akiachwa bila kutafutiwa sababu anaweza kufa.

Hali ile tuna neno lake: kuweweseka. Madaktari wanaiita deliriamu, jina la Kilatini lililotokana na jembe kutoka nje ya mstari wake shambani. Wengi hudhani dalili yake kubwa ni kuona yasiyokuwapo, lakini kinachokatika hasa ni umakini. Mwambie mgonjwa ataje siku za wiki kuanzia Jumapili kurudi nyuma: atafika Ijumaa, kisha atauliza nani amefungua mlango. Huja ghafla, kwa saa au siku chache, na hupanda na kushuka. Daktari akipita asubuhi hujibiwa vizuri kabisa, usiku mtu yule yule hajui yuko wapi. Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni hauendi hivyo, wenyewe hunyemelea kwa miezi na miaka.

Baba mdogo hakuwa peke yake kuilaumu nusu kaputi. Watafiti wa Marekani na Kanada waliliweka swali hilo kwenye mizani, wakatangaza matokeo mwaka 2021. Walichukua wagonjwa 1,600 wenye miaka 50 na zaidi waliovunjika nyonga, wakapiga kura nani alazwe kwa nusu kaputi na nani achomwe ganzi ya mgongoni. Waliochanganyikiwa walikuwa karibu mmoja kati ya watano kila upande. Kuikimbia nusu kaputi, basi, hakukuwaokoa.

Kinachomwangusha mzee ni mzigo mzima. Mfupa uliovunjika na kisu cha upasuaji huamsha uvimbe mwilini, na kemikali za uvimbe huo huufikia ubongo. Ubongo wa kijana una akiba ya kuhimili, wa mzee akiba imepungua. Hapo chochote kidogo humtosha: maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, malaria, upungufu wa maji, chumvi ya damu kushuka, maumivu yasiyotulizwa, hata choo kigumu cha siku nne. Dawa nazo zimo. Vidonge vya zamani vya mafua na mzio, vile vinavyoleta usingizi, huzuia kemikali ambayo ubongo huitumia kuwa makini na kukumbuka. Diazepamu anayopewa mzee ili anyamaze mara nyingi humzamisha zaidi. Lakini mlevi wa siku nyingi aliyekatishwa pombe na kitanda cha hospitali huenda akaihitaji dawa ya jamii hiyo hiyo. Ndiyo maana lazima mjue nani amekunywa nini nyumbani, na mliseme bila kuona haya.

Kwa shangazi, aliyeuliza swali sahihi alikuwa nesi wa zamu ya tatu. Hakuuliza ana miaka mingapi. Aliuliza, "Yuko hivi tangu lini?" Binti yake akajibu, "Tangu jana usiku. Kabla ya hapo alikuwa anasahihisha Kiswahili chetu." Nesi akafunua shuka, akabonyeza chini ya kitovu, shangazi akaruka. Mpira wa mkojo ulikuwa umetolewa siku iliyotangulia, na kibofu kilikuwa kimejaa kama chungu. Walipouweka tena, mkojo ulitoka mwingi. Miwani yake ilikuwa ndani ya mkoba wake, chini ya kitanda. Mtu asiyeona vizuri, mwenye maumivu, kwenye wodi yenye taa ya njano usiku kucha: sisimizi wale hawakuwa ajabu tena.

Shangazi alipiga kelele, ndiyo maana alionekana. Anayenitia hofu zaidi ni mzee aliyetulia. Amelala mchana kutwa, hajibu, hali, hasumbui mtu, na ndugu wanashukuru kwamba anapumzika. Huko nako ni kuweweseka, kwa kimya, na ndiko kunakopitwa mara nyingi zaidi.

Mwaka 1999 daktari Sharon Inouye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walitangaza utafiti wa wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi. Waliopata uangalizi wa kawaida, 15 kati ya 100 walichanganyikiwa. Waliopata uangalizi maalumu walikuwa 10. Uangalizi huo haukuwa dawa: miwani machoni, kifaa cha kusikia sikioni, maji ya kutosha, kuamshwa atembee, usingizi bila vidonge, na mtu wa kumwambia leo ni siku gani na yuko wapi. Nikiisoma orodha hiyo naiona familia yetu iliyokuwa ikisubiri nje ya geti na chupa ya uji mpaka saa ya kuona wagonjwa ifike. Naamini wodi za wazee zinapaswa kumpa ndugu mmoja kiti kando ya kitanda, usiku hasa.

Si wote wanaorudi walivyokuwa. Utafiti wa kimataifa uliotoka mwaka 1998 uliwapima watu 1,218 wa miaka 60 na zaidi baada ya upasuaji mkubwa: wiki moja baadaye robo yao kumbukumbu na fikra zilikuwa zimeshuka, na baada ya miezi mitatu ilibaki sehemu moja ya kumi. Mzee aliyebadilika tabia na hatengemai wiki baada ya wiki arudishwe kwa daktari. Huenda ni sonona, huenda ni kiharusi kidogo. Na kama alianguka, mseme hata kama ni mwezi uliopita, kwani damu inaweza kuvuja polepole chini ya fuvu, ikambadilisha mtu kidogo kidogo, na ikigunduliwa inaweza kutolewa.

Shangazi alitulia siku ya tano. Tulidhani hakumbuki kitu. Kumbe anakumbuka, na siku ya kuruhusiwa aliomba wote watoke, abaki na yule nesi aliyetukanwa. Sijui walisema nini. Alipotoka alikuwa amevaa miwani yake, na alitusahihisha tulipokosea kumwambia gari "imefika".