Malmal: Utomvu Mchungu wa Nyika

Kwa sura, mti wenyewe hauna cha kujivunia. Katika nyika ya Wajir na Mandera unasimama mfupi, umejipinda tangu shinani, matawi yake yanaishia kwenye miiba, na kwa sehemu kubwa ya mwaka hauna hata jani moja. Abiria wa basi la Garissa akiuona dirishani atadhani umekufa zamani. Lakini gome likichubuka, au mdudu akilitoboa, hutoka utomvu mzito unaokauka taratibu na kuwa tonge la rangi ya hudhurungi, lenye harufu nzuri na uchungu wa kukunja uso. Wasomali huliita malmal, Waswahili manemane. Kitaalamu mti ni Commiphora myrrha.

Yapata mwaka 300 K.K., huko Athens, Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliandika habari za mti huu bila kuuona. Alitegemea simulizi za mabaharia waliouona nchi ya Waarabu: mti si mkubwa, una miiba, shina lake ni gumu na limejipinda karibu na ardhi. Mchungaji wa El Wak, huko Mandera, angeutambua mara moja. Zaidi ya miaka mia moja kabla yake, mwanahistoria Herodotus alikuwa amesimulia makubwa zaidi, kwamba miti ya ubani inalindwa na nyoka wenye mabawa, na wavunaji hawana budi kuwafukuza kwa moshi. Hadithi kama hiyo huwafaa sana wafanyabiashara, maana bidhaa iliyotolewa mdomoni mwa nyoka haiuzwi kwa bei ya chee. Cha kuchekesha ni kwamba Herodotus huyohuyo alisema manemane peke yake huvunwa bila taabu. Hapo alipatia. Kaskazini mwa Kenya wengi hawauchanji mti hata kidogo, huokota matonge yaliyokwisha kukauka huku mbuzi wakila.

Biashara yake ni ya kale mno. Karibu mwaka 1470 K.K. Malkia Hatshepsut wa Misri alituma merikebu nchi ya Punt, inayodhaniwa kuwa upande wa Pembe ya Afrika, zikarudi na utomvu wa kunukia na miti mizima yenye mizizi. Safari hiyo imechongwa kwenye kuta za hekalu lake la Deir el-Bahari. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mwongozo wa mabaharia uitwao Periplus uliitaja manemane kati ya bidhaa za Malao, ambayo leo ni Berbera. Hakuna ushahidi kwamba tonge la Wajir lilifika kwa Farao, ila nyika hii na ile ya pwani ya Berbera ni ukanda mmoja wa miti ya jamii moja.

Matabibu ndio walioing'ang'ania zaidi. Imo katika Mafunjo ya Ebers, maandishi ya tiba ya Misri ya karibu 1550 K.K. Imo pia katika theriaka, dawa ya viungo vingi iliyoanza kama kinga ya sumu ya nyoka, ambayo tabibu Galen alimtengenezea Kaisari wa Rumi, Marcus Aurelius. Galen, na baada yake Ibn Sina katika kitabu chake cha tiba, Qanuni, alichokimaliza karibu mwaka 1025, waliipima kwa mizani ya joto na baridi, ukavu na unyevu. Manemane ikawekwa upande wa moto na ukavu, basi ikafaa kukausha vidonda vinavyotoa maji.

Nadharia hiyo imekwisha kuporomoka. Walichokiona kwa macho hakijaporomoka. Mti hutoa utomvu ili kuziba jeraha lake na kuzuia wadudu na vimelea wasiingie. Kemikali zinazoulinda ndizo zilizopelekwa kwenye vidonda vya watu, na maabara zimeonyesha kwamba huzuia baadhi ya bakteria. Mwaka 1996 watafiti wa Italia waliandika katika jarida la Nature kwamba viambato vya manemane hupunguza maumivu kwa panya, kwa kugusa vipokezi vilevile vya ubongo vinavyoguswa na afyuni. Manemane na maumivu hukutana pia katika Injili ya Marko, inayosema Yesu alipewa divai iliyotiwa manemane kabla ya kusulubiwa, akaikataa.

Kwa desturi ya Kisomali, malmal hupakwa kitovu cha mtoto mchanga siku za mwanzo. Wauguzi wa leo hawaungi mkono jambo hilo, maana tonge lililookotwa mchangani halijui usafi. Utomvu umetumika katika wino pia. Wanafunzi wa Kurani wa nyikani wameandika kwenye mbao kwa mkaa uliosagwa na kushikizwa kwa utomvu wa miti, na mafunjo ya Kigiriki yaliyopatikana Misri yanataja wino uliotiwa manemane.

Malmal ana ndugu, hagar, utomvu wa Commiphora holtziana. Huyu ni wa mifugo: wafugaji huutumia kufukuza kupe. Mwaka 2008 jarida la Phytochemistry lilichapisha majaribio yaliyothibitisha kwamba hagar hufukuza kupe wa ng'ombe na pia utitiri wa kuku. Hagar ina wanunuzi mpaka China, inakoingia katika dawa za jadi.

Matonge ya miti hii miwili yakitiwa gunia moja, bei huanguka, kwa hiyo wanunuzi huyachambua kwanza kwa jicho na pua. Udanganyifu si wa leo. Dioscorides, tabibu Mgiriki wa karne ya kwanza, alionya kwamba wapo wanaolowesha gundi ya kawaida katika maji ya manemane na kuiuza kama halisi. Akaeleza na namna ya kupima: chagua iliyo mpya na nyepesi, ya rangi moja, yenye harufu nzuri na ladha chungu, ambayo ukiivunja utaona ndani yake alama nyeupe mfano wa kucha.