Lampi ya jua: batri ndiyo inakufa mbele



Wakati wa mavuno ya kahawa, kule Idjwi na Kalehe, kazi haiishe jua likizama. Kahawa nyekundu inafika magaribi kwenye stesheni ya kuoshea, na inapaswa kumenywa usiku ule ule; kama sivyo, inaanza kuchacha. Lampi zikizima saa mbili ya usiku, kahawa inapoteza bei. Kwa hiyo tuongee juu ya ile lampi ndogo ya kusharji na jua, namna gani inaweza kudumu miaka badala ya miezi.

Chenye kinakufa mbele si taa, ni batri. Taa za LED zinaweza kuwaka maelfu ya masaa. Batri ndiyo inachoka, na mara nyingi ni sisi tunaichokesha. Watu wengi wanaacha lampi iishe kabisa, wanaifungia mu sanduku mpaka musimu mwingine. Wengine wanasema ni lazima batri iishe kabisa mbele ya kuisharji. Hiyo ilikuwa sheria ya batri za zamani za nikeli na kadimiamu. Batri za lithiamu, zenye ziko ndani ya lampi nyingi za leo, zinapenda kinyume: uzisharji hata kama zimebakia na nusu. Na lampi yenye haitumikie, uisharji hata mara moja kwa mwezi.

Sisi tuko karibu na ikweta; saa sita ya muchana jua liko juu ya kichwa. Paneli ilale karibu bapa, uiinamishe kidogo tu ili maji ya mvua yateremuke. Lakini angalieni kivuli zaidi sana. Jani moja la mugomba likifunika kona ya paneli, nguvu inapunguka sana, sababu vipande vyake vimefungana kwa mustari: kimoja kikilala, vingine navyo vinalala. Kama kamba iko ndefu, paneli ikae juani, lampi yenyewe ikae kivulini. Joto la mabati linaua batri.

Kusafisha si kazi kubwa. Mwezi wa 6 mpaka wa 8 mavumbi yanajaa juu ya paneli. Kitambaa laini na maji kidogo, asubui, vinatosha. Hapana muchanga, hapana majivu kama ya kusugulia sufuria. Lampi yenyewe, usiizamishe mu maji, hata kama muuzaji alisema haiogope mvua.

Sasa batri yenye imekufa. Ukiitupa mu moto, inaweza kupasuka, na moshi wake ni sumu. Ukiitupa mu choo ao mu shamba, sumu inaweza kuingia mu udongo na mu maji. Batri yenye imevimba, inanuka, ao inapata moto bila sababu, usiisharji tena, usiitoboe, na watoto wasiichezee. Funika ncha zake mbili na skochi, uitie ndani ya sanduku ya chuma yenye muchanga mukavu, pahali pakavu, mbali na mbegu na dawa za shamba.

Zile batri kubwa za volti 12, zenye asidi na risasi, ziko hatari kwa namna ingine. Musiyeyushe risasi yake nyumbani, hata kama ni kwa kufanya uzito wa nyavu. Risasi inaharibu ubongo wa watoto. Batri isimame wima, asidi isimwangike.

Mukinunua batri ya kubadilisha, someni namba. Ya volti 3,2 na ya volti 3,7 zinaweza kufanana kwa macho, lakini ile ya 3,2 ukiitia pahali pa 3,7 itasharjiwa kupita kiasi. Mufundi wa soko atakuambia "ni sawa tu." Si sawa.

Na mbele koperative haijalipa lampi nyingi, komite iulize muuzaji maswali mawili: batri inaweza kufunguliwa na kubadilishwa? Na ikikufa, ataipokea? Akisema ndiyo, aandike kwenye fakitire.