Maleba na bunilizi: Maneno ya kesho tunayo

VIJANA wa Kitengela na Kajiado wanaojiandaa kwa Naiccon, tamasha la mashabiki wa vibonzo, filamu na michezo ya video jijini Nairobi, utawasikia wakidai ati Kiswahili hakina maneno ya shughuli hiyo. Hivi kweli?

Tuanze na mavazi. Anayejigeuza mhusika wa filamu na kupanda jukwaani kushindania tuzo amevaa maleba, neno alijualo yeyote aliyesoma tamthilia shuleni. Shindano lake basi ni shindano la maleba. Ushabiki nao tunao; tumeuzoea tu kwenye kandanda.

Na hadithi zenyewe je? Hizo ni bunilizi za kisayansi. 'Bunilizi' hutokana na kitenzi 'buni'. 'Za kisayansi' huonyesha kwamba kinachobuniwa kimejengwa juu ya sayansi, si uchawi wala mazimwi ya ngano. Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya 2009, ni mfano mzuri: Asha anaishi miaka 35 baada ya vita vya maji, ambapo hata jasho husafishwa likanywewa.

Mfugaji wa Kajiado aliyepoteza ng'ombe katika ukame wa 2022, au mkazi wa Kitengela anayesubiri boza la maji, hahitaji kufafanuliwa hofu hiyo. Lakini filamu yenyewe, licha ya jina lake, huzungumza Kiingereza. Wanaoandikia mashindano yajayo waanzie hapo: Asha wao aombe maji kwa Kiswahili.