Daraja la Kigamboni kwa Baiki

Oya wanangu wa Temeke, kama unataka kuliona jiji lote, achana na maghorofa ya kishua ya Posta. Nenda Kurasini, panda Daraja la Nyerere, lile ambalo kitaa kizima kinaliita la Kigamboni. Wengi tunalikatiza tumebanwa kwenye daladala, dakika moja tu tushatokea ng'ambo, hakuna tulichoona. Kwa baiki ni habari nyingine kabisa.

Lile dude lina mita 680, njia sita za magari, na kila upande limeachiwa njia ya watembea kwa miguu na baiskeli. Rais Magufuli, JPM, alilizindua Aprili 2016. Kabla ya hapo, mtu wa Tandika akitaka Kigamboni alikuwa na mawili: foleni ya pantoni au kuzungukia Mbagala mpaka Kongowe.

Ukitokea Temeke, shika Kilwa Road hadi Uhasibu, halafu ingia Mandela. Masela wa Kinondoni mnaiunga Mandela tangu Ubungo. Kipande cha Kurasini ni noma, malori ya kontena yanapishana mwanzo mwisho, kwa hiyo kaa pembeni na usishindane na mtu. Ukishaingia darajani unapanda mdogomdogo. Hata Phoenix ya mzee isiyo na gia inafika. Miezi ya kusi, Juni mpaka Agosti, upepo unakukaba usoni ukienda, ila kurudi unakusukuma kinoma.

Pale katikati, nyaya zinaposhuka toka kwenye nguzo, simama. Upande wa mjini unaona winchi za bandari, meli na matenki ya mafuta. Bandari ni sehemu nyeti, so ukimwona mlinzi muulize kwanza kabla hujachomoa simu. Upande wa pili ndio unaonidatisha mimi: mikoko imeshona, mkondo unajikunja kuelekea Mtoni, mitumbwi imetulia. Hii nayo ni Dar, mwanangu, na hulipi kiingilio cha hoteli kuiona. Na ile njia ya pembeni, wanangu wa boda, tuachieni tafadhali. Ni yetu na ya mama anayetembea na beseni lake.

Sasa chukua hii: nenda siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ndio umeandama. Maji yanajaa mida ya saa kumi jioni, mikoko inasimama ndani ya maji. Siku hizohizo ukienda saa nne asubuhi utakuta matope na mizizi tu.

Kurudi, usirudie njia uliyoendea. Teremkia Vijibweni, piga misele mpaka Feri ya Kigamboni, zama kwenye pantoni na baiki yako utokee Magogoni. Jioni umati wote unatoka mjini kurudi Kigamboni, wewe unakwenda kinyume nao, nafasi ipo ya kutosha. Soko la samaki liko hapohapo, pweza wa moto anakusubiri.