‘Sistimu imekataa’: Nani hasa mtenda katika enzi ya akili unde?

Ukienda katika ofisi za umma mijini, hukosi kusikia jibu hili: “Sistimu imekataa.” Kisarufi, sentensi hiyo haina dosari. Ina kiima, ina kiarifu, na upatanisho wa ngeli ya I-ZI umezingatiwa. Dosari yake ni ya kimantiki. Kukataa ni tendo la mwenye hiari, na mashine haina hiari. Nyuma yake yupo mtu aliyeiunda, aliyeinunua na aliyeidhinisha matokeo yake. Lugha imemficha.

Nalitaja hili kwa kuwa miji inazidi kuikabidhi akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, kazi zilizokuwa za makarani. Tutazame Rotterdam, Uholanzi. Kuanzia 2017, jiji hilo lilitumia programu kukadiria ni wapokeaji gani wa ruzuku ya kujikimu wachunguzwe kwa udanganyifu. Programu hiyo ilizingatia vigezo 315, vikiwemo umri, jinsia na umilisi wa Kiholanzi. Hapo sisi watu wa lugha lazima tushtuke. Kumbe kutokimudu Kiholanzi kunaweza kumfanya mtu ashukiwe! Mwaka 2021, taasisi ya ukaguzi ya jiji iliukosoa mfumo huo, na mwaka huo huo ukasimamishwa.

Majiji ya Amsterdam na Helsinki yalichukua hatua tofauti. Mnamo Septemba 2020 yalizindua sajili za wazi zinazomweleza mkazi ni mifumo gani inayotumiwa, kwa kazi gani, kwa data ipi, na binadamu anaisimamia vipi.

Sisi je? Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa anayeathiriwa na uamuzi wa kiusimamizi haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamkinga mtu, isipokuwa katika hali chache, dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine pekee. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kwa hivyo, mama mboga anayenyimwa leseni anastahili kuelezwa sababu kwa Kiswahili anachokielewa. Sababu isiyoeleweka ni sawa na kukosa sababu.

Pendekezo langu ni la kisarufi. Kila tangazo la uamuzi litaje mtenda: “Afisa fulani amekataa ombi lako akitegemea mfumo huu, kwa sababu hii, na unaweza kukata rufaa mahali hapa.” Sentensi ni ndefu, ndiyo, lakini ina mwenyewe.

Kauli ya kutendwa huturuhusu kusema “ombi limekataliwa” na kuishia hapo. Usikubali iishie hapo. Uliza karani kwa upole: “Limekataliwa na nani?”