Mwili Unapoikataa Kazi

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia magonjwa yanayoletwa na mbu, maji machafu au lishe duni. Mwezi huu tunataka kuzungumzia uchovu usioonekana kwa darubini, ingawa umo katika nyumba nyingi za parokia zetu. Ni uchovu wa mtu anayefanya kazi asiyoipenda, na ambaye hawezi kuiacha kwa kuwa watoto wanasubiri ada.

Mwalimu mmoja alifika hospitalini kwetu mara tatu katika miezi miwili. Hatutamtaja jina, na mambo machache tumeyabadilisha ili asitambulike. Kila mara alisema, "Nesi, malaria imenirudia." Kichwa kilimuuma, tumbo lilimchoma, na usingizi ulimkatika saa nane za usiku. Tulipima damu tukakuta malaria hakuna. Shinikizo la damu lilikuwa limepanda kidogo.

Mara ya tatu tulimpa kiti, tukamwuliza: "Mwalimu, maumivu haya huanza siku gani?" Alifikiri kidogo, akajibu: "Jumapili jioni." Na wakati wa likizo je? Akasema wakati wa likizo hayapo.

Ndipo akaeleza kwamba yeye alitaka kuwa fundi umeme. Matokeo yake ya kidato cha nne yalimpeleka chuo cha ualimu, na wazazi wakafurahi kwamba amepata kazi ya uhakika. Sasa ana miaka kumi na tisa kazini, na darasa lake lina watoto zaidi ya tisini. "Nikisikia kengele ya asubuhi," alisema, "natamani kugeuza njia."

UCHOVU HUU NI NINI?

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika juu ya hali aliyoiona kwa watumishi wa zahanati ya bure huko New York, Marekani, ambako yeye mwenyewe alikuwa akisaidia. Watu walianza kazi kwa ari kubwa, lakini baada ya muda wakawa wamechoka, wenye hasira na wasiojali. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii kuwa ni matokeo ya msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Shirika haliiiti ugonjwa, ila hali inayohusu kazi. Ina dalili kuu tatu:

1. Kuishiwa nguvu. Mtu hulala, lakini huamka amechoka.
2. Kuichukia kazi, au kuwatazama watu anaowahudumia kana kwamba ni mizigo.
3. Kujiona hafai, na kuona kwamba lolote afanyalo halina faida.

Wengi huuita uvivu. Sivyo. Mvivu akikwepa kazi hufurahi. Huyu hujilazimisha kwenda kila siku, na akirudi nyumbani hana furaha pia. Mke wa mwalimu yule alituambia kwamba mtoto akiangusha kikombe tu, baba huwaka kama petroli. Watoto walikuwa wameanza kujificha chumbani waliposikia baiskeli yake. Hivyo uchovu wa mtu mmoja ulikuwa umekuwa ugonjwa wa nyumba nzima.

SISI PIA TUMEPITIA

Tusijifanye kwamba haya ni ya wengine. Miongoni mwetu sisi wauguzi wapo walioletwa katika kazi hii na wito, na wapo walioletwa na nafasi iliyopatikana. Wote huchoka. Alfajiri moja, miaka mingi iliyopita, baada ya usiku wa tatu mfululizo tukiwa wawili kwa wodi nzima, tulimfokea mama aliyeleta mtoto mwenye homa: "Siku zote ulikuwa wapi?" Mama yule aliona aibu, akaondoka na mtoto kabla ya kuonwa. Alirudi jioni, mtoto akiwa ameanza degedege. Mungu alisaidia, mtoto akapona. Lakini tulijua kwamba kinywa chetu ndicho kilichomrudisha nyumbani, na kwamba dalili ya pili tuliyoitaja hapo juu ilikuwa imeshatuingia bila kuitambua. Hatukumwambia mtu kwamba tumechoka. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ile nusura kimuumbue mtoto wa mwenzetu.

TUFANYE NINI?

Kwanza, pimwa. Uchovu usioisha huweza kutokana na upungufu wa damu, kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu au ugonjwa wa tezi ya shingo. Usiseme "ni kazi tu" kabla ya kupimwa, wala usinywe dawa ya malaria ambayo kipimo hakikuionyesha.

Pili, rudisha pumziko. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani ulionyesha kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko wanaofanya saa 35 hadi 40. Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 24 za mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Likizo ni haki yako, basi itumie kupumzika. Na wewe uliyeajiri msichana wa kazi nyumbani, kumbuka kwamba naye ni mfanyakazi.

Tatu, chambua kazi yako. Chukua karatasi, uandike ni kitu gani hasa kinachokuumiza: ni kazi yenyewe, ni wingi wake, ni mkubwa wako, ni umbali, au ni mshahara? Mwalimu wetu alipofanya hivyo aligundua kwamba hawachukii watoto. Kilichomwangusha ni kusahihisha madaftari mpaka usiku wa manane, na kukosa mahali pa kutumia mikono yake. Alizungumza na mwalimu mkuu. Wakakubaliana achukue masomo ya sayansi katika madarasa ya juu, na asimamie matengenezo ya shule. Madaftari akaacha kuyabeba kwenda nyumbani.

Nne, usiache kazi kwa hasira. Ukiona kwamba kweli kazi hii si yako, jiandae kwanza. Kaeni mume na mke, mhesabu matumizi ya miezi kadhaa, mweke akiba, na mjifunze kazi mpya mngali na mshahara. Vyuo vya ufundi vya VETA hutoa kozi fupi, hata kwa watu wazima. Kubadili kazi si aibu. Kinachotisha ni kuacha leo bila kujua kesho watoto watakula nini.

Tano, ongea. Mtafute mtu mmoja anayeweza kusikiliza bila kukuhukumu: mwenzi, rafiki, mkubwa wa kazi, padre, au muuguzi. Nanyi mlio nyumbani, mtu akirudi amechoka msimpokee na orodha ya madeni mlangoni. Mpeni maji ya kuoga, mwacheni akae nusu saa, kisha zungumzeni.

TAHADHARI

Pombe humlaza mtu haraka, lakini humwamsha usiku wa manane na kumwongezea huzuni. Vidonge vya usingizi visitumiwe bila daktari, kwa maana vinaweza kumteka mtu. Dawa za maumivu kama diklofenaki, zikimezwa kila siku, huleta vidonda vya tumbo na kupandisha shinikizo la damu.

Pia tofautisha uchovu wa kazi na sonona. Mara nyingi uchovu wa kazi hupungua mtu akiwa mbali na kazi, lakini sonona humfuata hata likizoni. Mtu akipoteza furaha katika mambo yote kwa wiki mbili au zaidi, aletwe hospitali. Akisema anatamani kufa, aletwe siku hiyo hiyo. Asiachwe peke yake, na dawa za mashambani zifungiwe mbali naye. Sonona ina tiba.

Mwalimu wetu bado anafundisha. Hasemi kwamba anaipenda kazi yake, nasi hatumlazimishi aseme. Lakini usingizi umerudi, na shinikizo la damu limeshuka. Jumamosi anajifunza ufundi umeme kwa jirani yake. Mke wake anasema watoto sasa hutoka nje kuipokea baiskeli.

Basi, ndugu msomaji, kama maumivu yako nawe huanza Jumapili jioni, usiyafiche. Njoo tuzungumze.